Mstari wa Majivu

Kwa miezi kumi na minne Helena hakuwa amekanyaga ndani ya gari la mumewe, na Chimala nzima ilijua. Mume ana Pijo 504 jeupe, la kubeba watu saba, kila Jumapili limeoshwa linang'aa. Mke anakwenda kanisani kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Gari linampita polepole, Magesa anatoa kichwa dirishani na kusema, "Mama Roza, si upande?" Naye anajibu, "Tangulia tu, tutakutana." Wanakutana kweli: mwenye gari yuko benchi la mbele tangu saa ngapi, mwenye miguu anaingia katikati ya mahubiri.

Aibu hiyo Magesa alikuwa ameizoea, au tuseme alijifanya ameizoea. Lakini sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Ilikuwa Septemba ya mwaka sabini na saba, mpunga umeshavunwa, na Jumamosi ya wiki ile binti yao Roza alikuwa anaolewa na Crispin, mtoto wa mkulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Kutoka Chimala unapita Makambako, unapita Mafinga, unalala Iringa, na asubuhi yake unateremka mlima Kitonga ndipo ufike Mbuyuni. Na Helena alikuwa ameshatoa hukumu yake.

"Mimi na Roza tunakwenda na basi," alisema. "Tiketi nimeshakata. Wewe njoo na hiyo gari yako. Ukifika, utatukuta."

Hebu fikiria! Baba wa bibi harusi anaingia kwa wakwe peke yake, viti sita vitupu, huku bibi harusi mwenyewe anashuka kwenye basi pamoja na magunia ya watu. Magesa alikosa usingizi. Ungemuuliza wiki ile anataka nini hapa duniani, angekwambia jambo moja tu: kufika Mbuyuni na gari lake, Roza nyuma, Helena mbele, pembeni yake.

Balaa lenyewe lilianzia huko huko Kitonga. Mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia walikuwa wakienda Morogoro kwenye msiba wa shangazi yake Helena. Tangu Mafinga, kila Magesa alipogusa breki, usukani ulitetemeka na pedeli ikampiga mguu kutoka chini.

"Baba Roza, mbona gari inatetemeka?"

"Ni barabara."

Barabara! Lami ya juzijuzi ile, nyororo, watu walikuwa wanaanika mpunga juu yake. Lakini Magesa ndivyo alivyokuwa. Mtu mkarimu, mchapakazi, mcheshi hata, ila kosa likitokea lazima lipatiwe mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye kamwe. Lilikuwa kosa la mvua, au la ng'ombe, au la aliyetengeneza jembe. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, Helena hakuwahi kumsikia anasema "ni mimi."

Katikati ya mteremko pedeli ikalegea. Akakanyaga, ikazama. Akakanyaga tena, ikazama zaidi. Akarudisha gia mpaka injini ikalia, akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima, likasimama bampa ikiwa ndani ya mtaro. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ni bonde tu, na chini kabisa lilionekana lori lililotumbukia zamani, limeliwa na kutu.

Helena hakupiga kelele. Alifungua mlango, akavua viatu vyake vya kisigino alivyovaa kwa ajili ya msiba, akavishika mkononi, akaanza kuteremka Kitonga peku. Malori yalimpigia honi. Breki zilipopoa kidogo, Magesa akamfuata kwa gia namba moja, kichwa nje, anabembeleza: "Mama Roza, panda. Ni barabara tu hii!" Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mke alifika chini kwa miguu yake, akapanda basi la kwanza, na tangu siku ile akaapa. Ukitaka kujua, kilichomkata maini hakikuwa bonde. Ni lile neno "barabara."

Aliyekuja kusema ukweli ni Saulo, dereva wa lori la Zambia, rafiki wa Magesa tangu enzi za kujenga reli. Siku moja alisimama Chimala kunywa chai, akavua tairi la mbele la Pijo, akapitisha kidole kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki ili gurudumu lisimame.

"Diski zimepinda, bwana. Joto limezimaliza. Na pedi hizi zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Hivi unaendeshaje kitu hiki?"

Magesa akajifanya hamnazo. Lakini alianza kutafuta. Dar es Salaam wakamwambia asubiri, mpaka na Kenya umefungwa tangu Februari, vipuri haviingii. Mbeya wakamcheka. Mwishowe ni Saulo huyo huyo aliyeshuka na mzigo kutoka Lusaka, Jumatatu ya wiki ya harusi: diski mbili mpya, pedi nne, na mkebe wa mafuta ya breki. Magesa alitaka kumbusu.

"Sikiliza," Saulo alimwambia, mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi ya lori. "Zimepakwa grisi zisipate kutu njiani. Ukifika, zioshe kwa petroli, futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kikibaki kitu cha kuteleza hapa, hata kidogo, breki hakuna. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nauliza umenisikia?"

"Saulo! Mimi mtoto?"

Fundi wa pale Chimala alijua matrekta na mashine za kukoboa, basi. Mbeya kulikuwa na mafundi, lakini nani apeleke Mbeya gari lisilosimama? Kwa hiyo Jumanne, jua likiwa bado halijakolea, Magesa alikunja mikono ya shati na kuanza kazi mwenyewe, uani kwake. Alizuia matairi ya nyuma kwa mawe, akainua mbele kwa jeki, akaweka magogo chini asije akalaliwa. Nati zikatoka kwa matusi. Kalipa, lile koleo linalobana diski, alilifungua akalitundika kwa waya ili mpira wa mafuta usivutike. Bolti za diski ya zamani zilikuwa zimeng'ang'ania. Akazipiga nyundo, akazimwagia mafuta ya taa, akazisubiri, akazitukana kwa Kisukuma, zikatoka.

Ile diski ya zamani aliiweka juu ya meza tambarare akaitazama. Upande mmoja uligusa, upande wa pili ungepitisha ukucha. Kitu kidogo namna hiyo! Akaigeuza haraka, kana kwamba Helena angeweza kuiona kutoka jikoni.

Diski mpya aliziosha kwa petroli, akafuta, kitambaa kikatoka cheupe, sawasawa na alivyoagizwa. Akafunga ya kulia, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka imenyooka, haichezi hata chembe. Akafunga ya kushoto. Akacheka peke yake uani.

Angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi.

Lakini kwao, huko kaskazini walikotoka kabla baba yake hajaswaga ng'ombe wake mpaka bonde la Usangu, plau mpya halikugusa ardhi bila kupakwa samli. Mzee alichovya kidole gumba kwenye kibuyu, akapaka ncha ya plau, akasema maneno mawili matatu, ndipo ng'ombe wakafungwa nira. Baiskeli ya kwanza ya Magesa ilipakwa. Cherehani ya Helena ilipakwa. Roza alipozaliwa alipakwa utosini, na angalia alivyokua. Kitu kipya ambacho maisha ya watu yatakitegemea, unakipaka. Ndivyo alivyolelewa.

Sasa diski hizi ndizo zitakazomteremsha mwanawe Kitonga. Aziache hivi hivi, kavu, bila hata neno? Moyo ulikataa. Usidhani alimsahau Saulo. Alimkumbuka vizuri sana, akabishana naye kichwani: grisi ya kiwandani ni uchafu, hiki ni kidole gumba kimoja tu. Kidole gumba kimoja kitafanya nini?

Helena alikuwa amekwenda kuchota maji. Magesa akanyata mpaka jikoni, akachovya kwenye mtungi wa samli. Kidole kimoja diski ya kulia, kimoja diski ya kushoto. Kisha moyo ukamjaa, akarudi tena kwenye mtungi, akapaka na pedi, zote nne.

"Mteremsheni mwanangu salama," alisema, na machozi yakamlengalenga. Akafunga matairi.

Alipotoa gari uani kwenda kuligeuza barabarani, breki haikushika vizuri. Alihisi. Akajiambia vitu vipya vinahitaji kuzoeana. Halafu, badala ya kurudi kimya kimya na kuangalia tena, akafanya nini? Akapiga honi.

"Mama Roza! Toka uone! Chora mstari popote unapotaka. Nakuja kwa kasi, nasimama juu ya mstari. Nikishindwa, nenda na basi lako, sitasema neno."

Helena akatoka anafuta mikono. Akamtazama mumewe kwa muda, akaingia jikoni, akarudi na kata imejaa majivu. Akainama, akachora mstari mweupe kukata njia ya kuingilia uani, hatua tano mbele ya uchaga wake wa vyombo. Majirani wakajikusanya. Roza, mwali wa watu, alikuwa amewekwa ndani na shangazi zake wawili wiki nzima ile, hakuruhusiwa kutoka. Wote watatu wakabanana dirishani.

Pijo likaja. Lilikuja vizuri, kwa mbwembwe, vumbi nyuma. Magesa akakanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu safi, lakini gari likaendelea kuteleza tu, halina habari naye. Likapita mstari wa majivu. Likapita uchaga, sahani, vikombe, mitungi miwili, vyote chini. Likaingia banda la kuku nusu, na hapo ndipo likasimama, kwa hisani ya ukuta.

Kuku mmoja alitoka kupitia dirisha la gari. Kisha jirani mmoja akapaza sauti, "Haya, harusi imeanza!" na watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini.

Magesa akashuka. Mdomo ukafunguka wenyewe, na neno lilikuwa tayari ulimini: "Ni bara..." Lakini barabara iko wapi? Huu ulikuwa uwanja wake, aliofagia Helena asubuhi. Basi ni Saulo! Saulo kamletea vitu vibovu, Saulo yuko mbali, hawezi kujitetea. Angeweza kusema hivyo na wote wangemwamini.

Helena alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Lilikuwa linafuka moshi kidogo, na moshi ulinukia samli. Ulinukia uwanja mzima, ungedhani kuna mtu anakaanga. Helena akanusa, akageuza kichwa akatazama mlango wa jikoni, akageuza tena akamtazama mumewe. Alikuwa ameshaelewa. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba Roza. Kwa nini haikusimama?"

Magesa alijua hilo si swali la leo. Alikuwa anaulizwa swali la miezi kumi na minne.

"Ni mimi," alisema.

Vicheko vikapungua.

"Nimepaka samli. Saulo alinikataza, nikapaka." Akafuta uso kwa mkono mchafu, akajipaka masizi. "Na Kitonga haikuwa barabara. Tangu Mafinga nilijua breki hazifai. Niliona haya kusimama, nikasema itafika tu. Ningekuua, Helena. Najua ningekuua."

Jina lake hakuwahi kulitaja hivyo mbele ya watu tangu siku ya ndoa yao. Majirani wakaanza kukumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine.

Helena hakusema amesamehe. Si mtu wa maneno hayo. Aliokota sufuria, ndiyo pekee iliyosalimika, akaigeuza huku na huku kuona kama imebonyea. Alikuwa na hasira, tena hasira nyingi, ya mitungi na ya Kitonga pamoja. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kitu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Vua hizo tairi," alisema. "Hizo pedi niletee jikoni. Samli yangu mimi ndiye ninayejua inavyotoka."

Na kweli alijua. Mwanamke aliyesafisha vyombo vya maziwa maisha yake yote hababaishwi na pedi nne. Jumatano asubuhi alizichemsha kwenye maji ya majivu, akazifukia kwenye majivu ya moto, akazitoa, akazinusa. Majivu yalitoka yameloa mafuta. Akamwaga, akaleta mengine. Akafukia tena, akanusa tena. Alifanya hivyo mpaka saa sita, shangazi wanamcheka dirishani kwamba anapika mboga gani isiyoiva, na hakuacha mpaka pua yake ikasema hakuna kitu. Ndipo akamkabidhi Magesa, naye akazisugua kwa msasa uso mzima ukawa mkavu, wa kukwaruza.

Yeye kwa upande wake alikuwa ameosha diski kwa petroli mara nne. Samli ilikuwa imeingia hadi kwenye makalipa, kwa hiyo safari hii alifungua na mpira wa mafuta ili ayaoshe nje ndani. Sasa ukishafungua mpira, upepo unaingia kwenye mabomba, na upepo ukiwemo, unakanyaga pedeli inazama bure. Lazima utolewe. Na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili: mmoja chini kwenye skrubu, mwingine ndani anakanyaga.

Magesa akasimama pale na spana, anatazama huku na huku. Majirani hakutaka kuwaona. Shangazi walikuwa na mwali wao.

"Unatafuta nini?" Helena akauliza.

"Mtu wa kukanyaga pedeli."

Helena akalitazama gari. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Lilikuwa limekaa juu ya magogo, mbele halina tairi hata moja.

"Nikae tu? Haiendi?"

"Mama Roza, haina miguu. Itakwenda wapi?"

Mdomo wa Helena ukacheza kidogo. Akakung'uta kanga, akaingia. Alikaa ncha ya kiti, mgongo umenyooka, mkono mmoja umeshika mlango asije akafungiwa. Magesa aliuona mkono ule, akainama haraka chini ya gari ili Helena asijue kwamba ameuona.

"Kanyaga," alisema kutoka chini. "Mara tatu. Sasa shikilia. Usiachie mpaka niseme." Akalegeza skrubu, mafuta yakatoka na mapovu ndani ya chupa. Akakaza. "Achia."

"Imezama," Helena akasema. "Imekwenda mpaka chini."

"Ndivyo. Kanyaga tena. Shikilia. Achia."

Waliendelea hivyo. Kanyaga, shikilia, achia. Mkono wa Helena ukatoka kwenye mlango ukahamia kwenye usukani. Baadaye akauliza, "Siku ile kule mlimani, ilikuwaje chini ya mguu wako?"

"Ilikuwa kama ninakanyaga ugali," Magesa akasema. "Niliogopa sana. Nilitaka kukwambia niliogopa, ikatoka 'barabara.'"

Helena akakanyaga, akashikilia. Mapovu yalipungua, yakawa madogo, yakaisha. Na safari iliyofuata pedeli haikuzama. Ilimgomea, imara kabisa, katikati ya safari yake.

"Ala! Imekuwa ngumu."

"Ngumu kweli?"

"Njoo ukanyage mwenyewe kama hunisadiki."

"Nakusadiki," alisema Magesa, amelala mgongoni kwenye vumbi, mafuta ya breki yanamchuruzika kiwiko, na ilikuwa miezi mingi hajawa na furaha kama ile.

Alhamisi Helena alichora mstari mwingine wa majivu. Hakuna honi, hakuna watazamaji. Ng'ambo ya mstari, shubiri moja tu, akaweka ile sufuria yake iliyosalimika, akasogea pembeni na kukunja mikono. Magesa alianza polepole, akaongeza mwendo, akakanyaga. Gari liliinamisha pua, likasimama, usukani umetulia tuli mikononi mwake. Tairi la mbele lilikuwa juu ya majivu. Sufuria haikutikisika.

"Tena," alisema Helena.

Akarudia. "Tena." Akarudia mpaka majivu yakaisha chini na ikabidi Helena aongeze. Halafu akamwambia atoke nalo barabara ya milimani, naye akalijaribu kwenye mteremko, peke yake, yeye Helena amesimama chini anasikiliza kama kuna kinachosaga. Hakikusaga kitu. Akaokota sufuria akaenda kupika. Kuhusu safari hakusema lolote, na Magesa, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na akili ya kutouliza.

Ijumaa alfajiri roho yake ilikuwa juu. Alifunga masanduku kwenye keria ya juu akayahesabu: la Roza, lake, kapu la zawadi. Mkoba wa Helena haukuwemo. Basi, alijisemea. Basi, ni haki yake. Akazunguka kufunga mlango wa nyuma, na humo ndani, kiti cha nyuma, karibu na Roza aliyefunikwa kanga mpya, alikuta Helena ameketi na mkoba wake mapajani.

"Na tiketi?" Magesa akauliza.

"Nimewapa shangazi. Gari ikigoma, angalau wapo wa kufika na kusimulia."

Roza alicheka ndani ya kanga mpaka akakohoa. Magesa hakuweza kucheka. Alikuwa anahangaika na ufunguo, hauoni vizuri.

Makambako walikunywa chai. Mafinga, pale alipoanza kudanganya mwaka ule, alikanyaga breki bila sababu, taratibu, ili tu wote wasikie kwamba hakuna kinachotetemeka. Kwenye kioo aliona Helena anatazama usukani. Iringa walilala kwa jamaa, na asubuhi, baridi ya kilima kile imewakaza meno, wakamvalisha Roza gauni lake, wakashuka Ipogolo, wakashika njia ya Ilula.

Juu ya Kitonga, kabla barabara haijaanza kuinama, Helena alisema, "Simamisha."

Magesa akasimamisha, pembeni, kwa adabu zote. Mlango wa nyuma ukafunguka. Alisikia visigino vyake kwenye lami na hakuthubutu kugeuka. Kisha mlango wa mbele, wa kushoto, ukafunguka, na Helena akaketi pembeni yake.

"Gia namba mbili," alisema. "Usijifanye dume."

"Ndiyo, mama."

Wakaanza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza Helena alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, macho hayatoki barabarani. "Kanyaga," alisema. Magesa akakanyaga. "Shikilia." Akashikilia. "Achia." Akaachia. Kona ya pili vivyo hivyo. Malori yalipanda yakinguruma, bonde likafunguka upande wa pili, na lile lori lenye kutu lilikuwa bado lipo pale chini, na mwanamke yule aliendesha gari lote kwa mdomo wake: kanyaga, shikilia, achia, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu pamoja na mguu wa mumewe. Roza nyuma alikuwa anasali au anacheka, haikujulikana.

Walifika mahali pale penyewe. Mtaro ulikuwepo, na ukutani mwa mlima mlikuwa bado na mchubuko mweupe wa rangi ya Pijo. Magesa aliuona, akajua na mwenzake ameuona. Helena akanyamaza. Hakusema kanyaga, hakusema achia. Kisha kwa pembe ya jicho Magesa akamwona anainama, anafungua viatu vyake, anavivua.

Anashuka, aliwaza. Anavishika mkononi kama siku ile, anashuka, na safari hii ana mwanawe wa kumshika mkono. Mguu ukaenda kwenye breki wenyewe, na gari likaanza kupunguza mwendo, laini, bila kutetemeka.

"Mama Roza..."

Helena alisukuma viatu chini ya kiti, akavuta miguu yake miwili juu, akaikunja chini ya kanga kama akaavyo nyumbani kwake jikoni, akaegemea. Mikono yake haikushika kitu.

"Vinanibana," alisema. "Wewe mbona unasimama? Twende, mtoto anachelewa."